Jinsi krimu zenye zebaki zinavyoigeuza kinga ya mwili kuwa adui wa figo

KATIKA vituo vya matatu vilivyo kando ya barabara kuu ya Thika, kuanzia Ruiru hadi Juja na kuendelea mpaka Witeithie, duka la vipodozi halikosi. Rafu zake zimejaa mafuta ya nywele, sabuni za kila rangi na vikebe vya krimu vyenye picha ya mwanamke ambaye uso wake ni mweupe kuliko wa mnunuzi. Vingi vya vikebe hivyo havimdhuru mtu figo. Lakini ipo aina moja ambayo madaktari wa Kenya wameishuku kwa zaidi ya miaka hamsini, na ambayo hadi leo haijatoweka sokoni. Hiyo ni ile iliyotiwa zebaki.

Wengi hudhani kwamba sumu hii huingia mwilini, ikafika kwenye figo na kuziunguza moja kwa moja. Hilo laweza kutokea mtu anapopata zebaki nyingi kwa mpigo. Kwa mtumiaji wa krimu, hata hivyo, mara nyingi zebaki haifanyi kazi hiyo kwa mkono wake. Huwachochea walinzi wa mwili wenyewe, zile chembe nyeupe za damu na kingamwili zinazotukinga dhidi ya viini vya maradhi, zikageuka na kuivamia figo ya mwenye nazo.

Tumfikirie mwanamke wa umri wa miaka 30 anayeishi Witeithie na kufanya kazi mjini Thika. Asubuhi huamka akiwa na uvimbe chini ya macho. Jioni viatu humbana. Mkojo wake hutoa povu lisilotoweka upesi, mithili ya maji ya sabuni. Jirani humshauri apunguze chumvi. Shangazi yake humwuliza faraghani kama ni mjamzito. Mwajiri wake huona ni uvivu tu. Mwezi wa tatu, anapofika hospitalini miguu ikiwa imevimba hadi magotini, muuguzi hutumbukiza kijiti cha kupimia ndani ya mkojo na rangi yake ya manjano hugeuka kijani. Mkojo umejaa protini. Akiulizwa ni dawa gani anazotumia, hujibu kwamba hatumii yoyote, na hasemi uongo, kwa maana kwake krimu si dawa.

Hali hii ya uvimbe, mkojo wenye protini nyingi na damu iliyopungukiwa na protini huitwa sindromu ya nefrotiki. Mtu mwenye afya hupoteza chini ya miligramu 150 za protini kwenye mkojo kwa siku. Mgonjwa wa aina hii hupoteza zaidi ya gramu tatu na nusu.

Mwaka wa 1972, daktari R. D. Barr na wenzake, miongoni mwao P. H. Rees na A. Kungu, walichapisha katika jarida la British Medical Journal matokeo ya uchunguzi uliofanywa Nairobi katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Walikuwa wamewachunguza watu wazima 60 waliougua sindromu hiyo. Asilimia 53 kati yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zilizokuwa na chumvi ya zebaki. Miongoni mwa wagonjwa wengine wa kawaida hospitalini, waliotumia krimu hizo walikuwa asilimia 11 pekee, yaani mmoja hivi katika kila tisa. Krimu zenyewe zilikuwa na chumvi hiyo kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 10. Kwa lugha ya sokoni, hizo ni gramu 50 hadi 100 katika kila kilo ya krimu. Kiwango ambacho mataifa yalikuja kukubaliana baadaye kuwa kisivukwe katika vipodozi ni miligramu moja kwa kilo.

Uchunguzi huo wa Nairobi ulikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kuihusisha krimu na figo kwa takwimu. Ulijulikana mbali kuliko ulivyojulikana nyumbani, na hata sasa hutajwa katika maandishi ya kitaalamu ya India, Uchina na Ulaya kila suala hili linapozuka. Kulikuwa na jambo moja, hata hivyo, ambalo madaktari wa 1972 hawakuwa na vifaa vya kulieleza. Kama zebaki ni sumu ya figo, mbona watumiaji wengi hawakuugua? Na mbona baadhi ya waliougua walipata nafuu walipoacha krimu, ilhali kidonda cha sumu kwa kawaida huacha kovu?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza tuitazame figo. Kila figo ina machujio madogo yapatayo milioni moja, na yote kwa pamoja huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku. Karibu yote hurudishwa mwilini, ikabaki lita moja au mbili ya mkojo. Atokaye Kiambu anajua chujio la chai: majani hubaki juu, chai hupita. Chujio la figo lina tabaka tatu. Ndani kuna ukuta wa mshipa mwembamba wa damu, kisha utando, na nje ya utando kuna seli za ajabu zenye vidole virefu vinavyopishana kama vya mtu aliyekunja mikono. Seli hizo huitwa podosaiti. Nyufa zilizo kati ya vidole vyake ndizo zinazozuia protini isipite. Podosaiti zikifa, mwili hauna uwezo wa maana wa kuzaa nyingine.

Sasa tuje kwa walinzi. Mfumo wa kinga una chembe nyingi, lakini mbili zinatuhusu zaidi hapa. Seli B hutengeneza kingamwili, ambazo ni protini zenye umbo la panda, kila moja ikiwa imeundwa kukamata kitu kimoja mahsusi. Kitu hicho huitwa antijeni. Seli T ndizo wasimamizi. Bila idhini ya seli T, aghalabu seli B haiwezi kuzalisha kingamwili zenye nguvu na za kudumu. Tangu utotoni mwili huziondoa au kuzinyamazisha zile seli zinazoelekea kuutambua mwili wenyewe kama adui. Kazi hiyo haifanywi kikamilifu. Kila mmoja wetu anatembea na seli chache za namna hiyo, zikiwa zimelala.

Katika ugonjwa unaoitwa nefropathi ya utando, ambao ni mojawapo ya sababu kuu za sindromu ya nefrotiki kwa watu wazima, baadhi ya seli hizo huamka. Kingamwili hupenya ukuta wa mshipa na utando, kisha hujibandika kwenye antijeni iliyo chini ya vidole vya podosaiti. Rundo la kingamwili na antijeni hujikusanya hapo kidogo kidogo. Kisha huitwa jeshi lingine, mkusanyiko wa protini za damu uitwao komplimenti, ambao kazi yake ya kawaida ni kutoboa bakteria. Safari hii kinachotobolewa ni podosaiti. Seli hiyo haifi papo hapo. Hujikunyata, vidole vyake hutandaa na kushikana, na protini huanza kupenya.

Fikra hii kwamba shabaha imo ndani ya figo yenyewe haikukubaliwa upesi. Mwaka wa 1959 Walter Heymann na wenzake nchini Marekani waliweza kuwaambukiza panya ugonjwa unaofanana na huu kwa kuwadunga rojo la figo, lakini shabaha iliyogunduliwa kwa panya haikupatikana kwa binadamu. Afrika Mashariki pia ilikuwa na mchango wake. Katika miaka ya 1960, John Kibukamusoke na wenzake waliokuwa Kampala walionyesha kwamba watoto wengi wa Uganda waliokuwa wakivimba kwa ugonjwa wa figo walikuwa na malaria ya aina iletwayo na Plasmodium malariae, ile ambayo homa yake hurejea kila baada ya saa 72. Hapo antijeni ilitoka kwa kimelea na kunaswa katika chujio pamoja na kingamwili zake. Kwa hiyo wapo waliofikiri kwamba kila ugonjwa wa namna hii ni takataka za vita vya mbali zilizokwama figoni.

Jibu lilianza kupatikana kwa mtoto mchanga. Mwaka wa 2002 watafiti wa Paris, Hanna Debiec na Pierre Ronco, walieleza kuhusu mtoto aliyezaliwa akiwa tayari na nefropathi ya utando. Mama yake alikuwa mzima. Ilibainika kwamba mama huyo kwa maumbile hakuwa na protini fulani iliyo kwenye podosaiti. Alipobeba mimba, mwili wake uliiona protini hiyo ya mtoto kuwa kitu kigeni ukatengeneza kingamwili dhidi yake, nazo zikavuka kondo la nyuma hadi kwenye figo za mtoto. Kingamwili za mama zilipokwisha mwilini mwa mtoto, hali yake ilipata nafuu. Sioni mfano ulio wazi kuliko huo wa kuthibitisha kwamba kingamwili pekee zinatosha kuliharibu chujio.

Mwaka wa 2009, Laurence Beck na David Salant wa Boston waligundua shabaha inayohusika kwa watu wazima walio wengi. Waliipata katika wagonjwa 26 kati ya 37, na ikaitwa PLA2R. Tangu hapo kipimo cha damu cha kingamwili hizo kimewawezesha madaktari kuutambua ugonjwa, mara nyingine hata bila kukata kipande cha figo kwa sindano. Shabaha nyingine zimefuata. Mwaka wa 2020 watafiti wa Mayo Clinic huko Marekani, wakiwa pamoja na wenzao, walichapisha ugunduzi wa moja iitwayo NELL-1, na mwanzoni ilihusishwa zaidi na saratani.

Kisha zikaja habari kutoka India. Kati ya Julai 2021 na Septemba 2023, madaktari wa hospitali moja katika jimbo la Kerala walipokea wagonjwa 22 wenye nefropathi ya utando. Wagonjwa 15 kati yao walikuwa na NELL-1, kiwango kisicho cha kawaida kabisa. Walipohojiwa vyema, 13 kati ya hao 15 walikiri kutumia krimu za kung'arisha ngozi. Kundi lingine la madaktari, la Vellore kusini mwa India, lilikuwa tayari limeeleza uhusiano kama huo baina ya NELL-1 na dawa za kienyeji zilizokuwa na zebaki. Aliyesoma taarifa ya Nairobi ya 1972 hakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Ni vipi chuma cha majimaji kinaweza kuziamsha seli za kinga? Majaribio ya panya yanatoa mwanga. Kuna ukoo wa panya wa maabara uitwao Brown Norway. Wakipewa zebaki kidogo, seli T zao huanza kuzihimiza seli B bila mpangilio, kingamwili za kila aina hufurika damuni, na baadhi yake hushambulia chujio la figo. Ukoo mwingine, Lewis, hupewa kiasi kile kile na hauugui. Tofauti imo katika urithi wao. Hii ndiyo sababu dada wawili wanaweza kugawana kikebe kimoja, mmoja akaugua na mwenziwe akawa anashangaa. Anayejitetea kwamba ametumia krimu miaka mitano bila tatizo anasema kweli juu ya nafsi yake tu.

Na tusisahau kwamba zebaki haibaki usoni. Hupenya ngozi, hukusanyika kwenye figo, na hutoka kwa mvuke na kwa taulo na mito ya kulalia hadi kwa watoto waliomo nyumbani. Daktari Masazumi Harada, Mjapani aliyetumia maisha yake kuwachunguza waathiriwa wa zebaki wa Minamata, alichapisha pamoja na wenzake mwaka wa 2001 ripoti juu ya watu wa Kenya, hususan eneo la Ziwa Victoria, waliokuwa na zebaki nyingi kwenye nywele. Kilichoshukiwa hakikuwa samaki bali sabuni za kung'arisha ngozi.

Figo ikishaanza kuvuja, mfumo wa kinga huingia katika hali ya kustaajabisha. Zile kingamwili njema, zilizojengwa kwa chanjo na kwa maradhi ya zamani, nazo ni protini. Hupotea kwenye mkojo pamoja na nyinginezo. Hivyo mgonjwa ambaye kingamwili zake zinamla figo hujikuta wakati huo huo amepungukiwa na kingamwili za kumkinga dhidi ya nimonia na maambukizi ya ngozi iliyovimba. Damu nayo huelekea kuganda kirahisi, na donge kwenye mshipa wa mguu au wa figo yenyewe laweza kumwua kabla figo hazijafa.

Iwapo ugonjwa utaendelea kwa miaka hadi figo zichoke, mambo hubadilika tena. Taka ambazo figo zilipaswa kuziondoa hubaki katika damu na kuzizeesha seli T kabla ya wakati wake. Seli B hupungua. Lakini moto wa uvimbe hauzimiki. Mwili huwa kama nyumba yenye walinzi waliolewa, wanaopiga kelele usiku kucha na kushindwa kumkamata mwizi. Dalili iliyo wazi ni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Mtu mzima mwenye afya hupata kinga mara tisa katika kila kumi au zaidi. Kwa wanaosafishwa damu kwa mashine, ni nusu au zaidi kidogo wanaofaulu, ndiyo maana wao hupewa dozi maradufu na kupimwa baadaye kama kingamwili zimetokea. Mgonjwa anayeshauriwa apate chanjo hiyo mapema, kabla ya kufikia mashine, asidhani daktari anamharakisha bure.

Hata upandikizaji wa figo hauepukani na kingamwili. Mama aliyezaa watoto kadhaa huenda akawa na kingamwili dhidi ya alama za seli za mumewe, alizozipata kupitia mimba. Mume akijitolea kumpa figo, vipimo vyaweza kuonyesha kwamba mwili wa mkewe ungeikataa mara moja. Damu ya kuongezwa mara kwa mara nayo huleta tatizo hilo. Familia nyingi huchukulia majibu ya namna hiyo kama aibu au dalili ya siri fulani katika ndoa. Si hivyo.

Turudi kwa mwanamke wetu wa Witeithie, kwa sababu hali yake si ya kukata tamaa. Kwa nefropathi ya utando ya kawaida, madaktari husema kwamba theluthi moja hivi ya wagonjwa hupona wenyewe, theluthi hubaki na protini mkojoni, na theluthi huelekea kushindwa kwa figo kadiri miaka inavyopita. Wale wa kundi la mwisho huhitaji dawa za kuinyamazisha kinga, zikiwemo rituximab, inayowinda seli B. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka wa 2019, asilimia 60 ya waliopewa rituximab walikuwa bado na nafuu baada ya miezi 24, dhidi ya asilimia 20 ya waliopewa cyclosporine. Ni dawa ghali, nayo hudhoofisha kinga iliyokwisha kudhoofika.

Ila yule ambaye chanzo chake ni zebaki ana bahati ya pekee. Wengi wa wagonjwa wa India walipata nafuu kwa kuacha krimu na kupewa vidonge vya kawaida vya shinikizo la damu vinavyopunguza uvujaji wa protini, bila kuhitaji dawa nzito. Kichocheo kikiondoka, seli zilizoamshwa hulala tena. Kwa hiyo kosa la kutouliza kuhusu krimu laweza kumfanya mtu atumie dawa zenye hatari kwa ugonjwa ambao ungetulia kwa kutupa kikebe. Upande wa pili, mgonjwa mwenye NELL-1 asiyetumia krimu wala dawa za kienyeji hutakiwa kuchunguzwa saratani.

Sheria hairuhusu krimu hizi nchini, na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) limewahi kutoa mara kadhaa orodha za bidhaa zilizopigwa marufuku. Mkataba wa Minamata wa mwaka wa 2013 uliweka mwisho wa mwaka wa 2020 kwa vipodozi vyenye zaidi ya ile miligramu moja kwa kilo, na mwaka wa 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata kiwango hicho kufikia 2025, yaani zebaki isitiwe kabisa. Karatasi ni karatasi. Bidhaa hizi huvuka mipaka kwenye mizigo midogo na huuzwa kwa simu, mara nyingine bila jina la mtengenezaji. Kwenye kikebe, maneno kama calomel, mercurio au mercuric iodide yana maana moja. Shirika la Afya Duniani hutaja pia dalili nyingine ambayo wengi hawaijui: onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha, alumini au mapambo mengine. Zebaki hushikamana na madini hayo.

Kipimo cha mkojo kwa kijiti ni cha bei nafuu na hupatikana hata katika zahanati ndogo. Kikionyesha protini mara mbili kwa siku tofauti, mkazi wa Witeithie hana haja ya kwenda mbali. Hospitali ya Thika Level 5 ina kitengo cha figo, na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iko upande wa pili wa Ruiru. Aende na vikebe vyote anavyopaka, hata kile alichopewa na rafiki bila kibandiko, maana zebaki inaweza kupimwa kwenye mkojo na kwenye krimu yenyewe. Na baada ya kuacha, asikate tamaa akiona povu bado lipo. Kingamwili ndizo hupungua kwanza. Chujio lililoharibika huchukua miezi kadhaa kujifunga, na wakati mwingine zaidi ya mwaka.